Ukipeleka dawa ya saratani sokoni, umeiacha sayansi?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, namalizia shahada ya uzamivu ya baiolojia ya saratani hapa Uingereza. Nimeona tangazo la kazi: taasisi ya utafiti inatafuta mwanasayansi wa kuongoza ubiasharishaji wa matokeo ya utafiti wa saratani. Msimamizi wangu anasema wanaokwenda huko ni walioshindwa maabara. Nilipompigia simu baba mdogo, aliniuliza kama nimesoma miaka yote hii ili nije nifanye biashara ya wagonjwa. Je, hii kweli ni kazi ya mwanasayansi? Inafanywaje? Na ina faida yoyote kwa nyumbani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na msimamizi wako maana hoja yake ni nyepesi. Ya baba mdogo ina uzito, nitaifikia.

Mwaka 1997 mwanabiolojia mmoja wa Cambridge, Steve Jackson, alianzisha kampuni ndogo aliyoiita KuDOS. Shughuli yake maabara ilikuwa kuchunguza namna seli inavyojikarabati pale DNA yake inapokatika. Wakati ule hilo lilikuwa somo la wadadisi tu. Hakuna kampuni kubwa ya dawa iliyokuwa inalilia. Jackson alibaki profesa na maabara yake ikaendelea kutoa makala, huku kampuni ikitafuta molekuli za kuzuia vimeng'enya vya ukarabati huo. Kimojawapo ni PARP.

Wewe unajua kilichofuata, ila nitakieleza kwa ajili ya wasomaji wengine. Mtu aliyerithi jeni ya BRCA1 au BRCA2 iliyoharibika akipata saratani, mara nyingi seli za uvimbe wake zinakuwa zimepoteza kabisa njia moja muhimu ya kukarabati DNA. Zinaishi kwa kuegemea njia nyingine, na PARP ni sehemu ya njia hizo. Ukizuia PARP, seli ya kawaida inaendelea na maisha kwa sababu njia yake ya kwanza ipo. Seli ya uvimbe haina pa kushika, inakufa. Aprili 2005 makala mbili zilitoka pamoja katika jarida la Nature zikionyesha jambo hilo: moja ya kundi la Thomas Helleday, Sheffield, nyingine ya kundi la Alan Ashworth wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London, waliotumia molekuli za KuDOS. Kabla mwaka haujaisha AstraZeneca ilikubali kuinunua KuDOS kwa takriban dola milioni 210.

Watu wengi husimulia hadi hapo, wakapiga makofi. Mimi nataka uangalie yaliyotokea baadaye, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali lako.

Dawa yenyewe, olaparib, ilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya ovari iliyorudi baada ya matibabu. Walipokea ama dawa ama kidonge kitupu, na waliingizwa bila kuchujwa kwa hali ya jeni zao za BRCA. Matokeo ya jumla yalikuwa ya wastani: waliopata dawa walikaa miezi 8.4 kabla ugonjwa haujasonga mbele, dhidi ya miezi 4.8. Lakini hakukuwa na dalili kwamba wangeishi muda mrefu zaidi. Desemba 2011 AstraZeneca ilitangaza kwamba haiendi awamu ya tatu, yaani majaribio makubwa ya mwisho, kwa ugonjwa huo, ikafuta dola milioni 285 vitabuni. Kwa lugha ya kawaida, dawa ilikuwa imekufa.

Kilichoifufua ni swali: katika jaribio lile, ni nani hasa walikuwa wamebeba jeni iliyoharibika? Walirudi kwenye sampuli, wakapima, wakachambua upya. Kwa wenye kasoro ya BRCA tofauti ilikuwa miezi 11.2 dhidi ya 4.3. Picha iliyokuwa imefifia kwa kuchanganya watu wote ikajitokeza wazi. Desemba 2014 olaparib iliidhinishwa Ulaya na Marekani, miaka 17 tangu kampuni ianzishwe. Mwaka 2017 Merck ya Marekani iliingia ubia na AstraZeneca kwa makubaliano yanayoweza kufika dola bilioni 8.5.

Sasa muulize msimamizi wako: swali la "ni nani walikuwa ndani ya jaribio" ni la muuzaji au la mwanasayansi? Mtu asiyejua kwa nini PARP na BRCA vinahusiana asingekuwa na sababu ya kuuliza. Angeona wastani, angefunga faili. Kazi unayoiulizia, ukiivua mapambo yote, ni kuamua ugunduzi huu ni kitu gani, unamfaa mgonjwa yupi, na utatoka mlangoni kwa masharti gani. Unaamua wakati ushahidi bado haujakamilika, na uamuzi wa masharti unafanyika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Asiyeweza kusoma data hawezi kuyaamua hayo. Jackson, kwa taarifa ya msimamizi wako, ameanzisha kampuni nyingine mbili baada ya hiyo, Mission Therapeutics na Adrestia, na hakuna Cambridge anayesema kashindwa maabara.

Tuingie kwenye ofisi ya ubiasharishaji. Mtafiti akiona kitu chenye dalili ya kufaa, anajaza fomu ya taarifa ya uvumbuzi. Fomu inafika kwako, mnakaa. Watu hudhani swali la kwanza ni la pesa. La kwanza ninalouliza mimi ni: nani ameshaambiwa?

Barani Ulaya jambo likishawekwa hadharani kabla ya maombi ya hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiutumie uvumbuzi wako) kuwasilishwa, upya wake umekwisha. Bango la mkutanoni linatosha. Muhtasari wa kurasa mbili kwenye kitabu cha kongamano unatosha. Tasnifu iliyopandishwa kwenye maktaba ya mtandaoni inatosha (na wewe unayemalizia yako, zingatia hilo). Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya nafuu baada ya yeye mwenyewe kutangaza, lakini kampuni inayotaka dunia nzima haitaridhika na Marekani peke yake. Nimewahi kupokea fomu nzuri sana ya molekuli ambayo muundo wake, kila atomu mahali pake, ulikuwa umebandikwa ukutani kwenye kongamano wiki iliyotangulia. Mwanafunzi alikuwa amejivunia kazi yake, na hakuna mkubwa aliyemkanya. Hatukuwa na la kufanya Ulaya.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein, Cambridge hapohapo, walichapisha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Hataza haikuombwa. Kutokana na njia hiyo na zilizoijenga juu yake zimetoka dawa kama rituximab, iliyoidhinishwa Marekani 1997 kwa saratani ya mitoki, na trastuzumab, 1998, kwa aina fulani ya saratani ya matiti. Wapo wanaosema ilikuwa heri njia ile ikawa ya wote. Kwa njia ya kufanyia kazi maabara, nakubaliana nao. Kwa molekuli inayotakiwa kuwa kidonge sikubaliani hata kidogo, kwa sababu hakuna atakayemwaga mamilioni kwenye majaribio ya binadamu kisha jirani anakili. Molekuli isiyo na mlinzi hubaki makala.

Swali la pili: je, ni kweli? Hili linawaudhi watafiti, nawe itabidi uzoee kuwaudhi. Mwaka 2012 Glenn Begley na Lee Ellis waliandika kwamba wanasayansi wa kampuni ya Amgen walijaribu kurudia matokeo ya makala 53 zilizosifiwa sana katika utafiti wa saratani, wakafanikiwa kuthibitisha 6 tu. Sita. Ndiyo maana ukiletewa mchoro ambao mstari wa panya waliotibiwa umeachana vizuri na wa wasiotibiwa, hupigi simu kwa mwekezaji. Unauliza panya walikuwa wangapi kila kundi. Unauliza aliyepima ukubwa wa uvimbe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, alijua yupi kapewa dawa au hakujua. Unauliza kama zile seli zimepimwa kuthibitisha ni zenyewe, maana seli za HeLa, aina ya seli za saratani zinazoota kwa kasi maabarani, zimevamia chupa za maabara nyingi duniani bila wenyewe kujua. Halafu unaomba picha ambazo hazikuingia kwenye makala. Nimekaa na profesa anayeheshimika, kompyuta imefunguliwa katikati yetu, nikauliza hilo la kalipa. Alimgeukia mwanafunzi wake. Mwanafunzi akaangalia meza. Tukakubaliana jaribio lirudiwe na maabara nyingine kwa gharama ya ofisi yetu, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mradi.

Hapo ndipo shahada yako inalipa. Mwanasheria wa hataza anajua kuandika madai. Mtu wa fedha anajua kujenga jedwali. Aliyewahi kukesha na seli zilizokataa kuota ndiye anayejua mahali ambapo data huwa zinadanganya.

Swali la tatu ni la mgonjwa. Nani atapewa hii, baada ya dawa gani, badala ya dawa gani? Kama tayari kuna dawa nzuri, yako lazima iwe bora kwa kitu kinachopimika. Watafiti wengi hawajawahi kuzungumza na daktari anayetibu ugonjwa wanaouchunguza, kwa hiyo unawakutanisha. Mara nyingi kikao hicho cha saa moja kina thamani kuliko ripoti ya soko iliyonunuliwa kwa pesa nyingi.

Baada ya hapo kuna mambo ya utaratibu ambayo utajifunza haraka: maombi ya kwanza, mwaka mmoja wa kuongeza data, maombi ya kimataifa, kisha kwenye mwezi wa 30 hivi unachagua nchi na bili zinapanda ghafla. Hataza hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa, na dawa ya saratani inaweza kula zaidi ya nusu ya miaka hiyo kabla haijaidhinishwa. Usiogope, si magumu. Kigumu ni kuchagua kati ya kuikabidhi kampuni iliyopo kwa leseni na kuanzisha kampuni mpya.

Chukua abiraterone, dawa ya saratani ya tezi dume. Wanakemia wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inazuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza homoni za kiume, na haizuii kwenye korodani tu, bali popote mwilini zinapotengenezwa, hata ndani ya uvimbe. Shida ilikuwa imani ya madaktari wa wakati ule: saratani iliyoacha kusikia matibabu ya kupunguza homoni ilihesabiwa kuwa imeshaachana na homoni. Kwa nini basi uzuie zaidi? Kampuni ya kwanza kuichukua iliachana nayo. Haki zikarudi, zikapitia kampuni ya BTG, na mwaka 2004 zikachukuliwa na kampuni changa ya Marekani, Cougar. Majaribio yakaonyesha kwamba saratani ile ilikuwa bado inanyonya homoni kimyakimya. Johnson & Johnson waliinunua Cougar mwaka 2009 kwa karibu dola bilioni moja, na dawa ikaidhinishwa 2011. Tangu 2019 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Angalia neno "zikarudi". Ukikabidhi molekuli, mkataba uandike kampuni itafanya nini na kufikia tarehe gani, na kwamba isipofanya, haki zinarejea. Kuna kampuni zinazochukua leseni ili kuiweka kabatini tu isije ikashindana na dawa yao. Mkataba usio na tarehe ni zawadi kwa watu kama hao. Ukiwa kiongozi wa ofisi, hiki ndicho kifungu cha kung'ang'ania hata mezani wakikasirika, kuliko asilimia moja zaidi ya mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya dawa mnayolipwa.

Na ujue mapema: mara nyingi jibu lako litakuwa hapana. Kati ya dawa 100 za saratani zinazoanza awamu ya kwanza kwa binadamu, takriban 5 ndizo hufika kuidhinishwa, na hapo sijahesabu zilizokufa kwenye panya. Anayependa kupendwa na watafiti asije. Usiingie pia kwa kudhani utatajirika: mrabaha hugawanywa kati ya wavumbuzi, idara na chuo, na wewe uliyekesha na mkataba kwa kawaida unabaki na mshahara wako. Ni mshahara mzuri, lakini wenzako waliokwenda kampuni za dawa watakuwa wanakuzidi.

Sasa baba mdogo. Mwambie dada anasema hoja yake ni ya haki.

Imatinib, dawa iliyobadilisha kabisa maisha ya wenye saratani ya damu aina ya CML, iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Molekuli iliyokuja kuwa dawa hiyo ilitokana na ushirikiano wa wanakemia wa kampuni ya Uswisi na daktari Brian Druker wa Oregon, aliyeishikilia wakati kampuni yenyewe ina mashaka, ikidhani wagonjwa ni wachache mno. Kidonge hakikubadilika, lakini katika miaka kumi na kidogo iliyofuata bei yake Marekani ilipanda zaidi ya mara tatu. Kidonge hichohicho kiliwafikia wagonjwa wa Kenya na Tanzania bure kupitia mpango wa msaada wa kampuni. India ilifuata njia yake: Aprili 2013 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa hataza ya umbo jipya la dawa hiyo, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei ndogo sana. Dawa moja, na umri wa mgonjwa unategemea amezaliwa upande gani wa mpaka. Baba mdogo akiita hiyo biashara ya wagonjwa, sina jibu la kumnyamazisha.

Nilicho nacho ni hiki: masharti yanaandikwa na mtu, na mtu huyo huwa yupo chumbani kabla bei haijatajwa. Timu ya Mike Stratton ilipoipata jeni ya BRCA2 mwaka 1995, waliiombea hataza wakiwa na hofu kwamba kampuni ya Marekani ingeifungia jeni nzima. Shirika la misaada lililokuja kushika hataza hiyo Ulaya liliwaruhusu maabara za umma kuitumia bure. Hataza ikawa ngao. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani, Stanford kikiwemo, vilikubaliana mambo tisa ya kuzingatia katika leseni, na mojawapo ni mahitaji ya nchi maskini. Kifungu kama hicho kinaweza kusema kampuni haitadai hataza katika nchi fulani, au itauza kwa bei isiyozidi gharama na faida ndogo, au chuo kinabaki na haki ya kumpa leseni mtengenezaji mwingine kwa ajili ya nchi hizo. Ukikiweka mwanzoni, wakati molekuli bado ni ahadi tu, kampuni hailalamiki sana. Ukingoja majaribio yafaulu, umechelewa.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi inaonyesha pande zote mbili. Ian Frazer na Jian Zhou, Brisbane, Australia, walifanikiwa mwaka 1991 kutengeneza ganda la kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hiyo, lisilo na kirusi ndani yake. Kampuni ya chuo iliomba hataza, leseni ikaenda CSL ya Australia na kisha Merck. Wengine wa Marekani nao walidai kuwa wa kwanza, mgogoro ukachukua miaka, na ulipoamuliwa kwa upande wa Frazer na Zhou mwaka 2007, Zhou alikuwa ameshafariki tangu 1999. Chanjo iliidhinishwa 2006 kwa bei ya zaidi ya dola 100 kwa dozi Marekani. Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima 2011 kwa msaada wa mtengenezaji. Mwaka 2013 Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, ilitangaza bei ya dola 4.50 kwa dozi, na ndipo mlango ulipofunguka: Tanzania ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, Kenya 2019. Bei ile ililetwa na ununuzi wa pamoja wa wingi mkubwa, baada ya miaka saba ya kungoja. Binti aliyekuwa na miaka 14 pale Sengerema mwaka 2006 hakuchanjwa. Miaka hiyo ndiyo kifungu kizuri kingeweza kuipunguza.

Umeuliza kuhusu nyumbani. Eneo letu liko ndani ya historia hii kuliko tunavyofundishwa. Daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London. Anthony Epstein alikuwa amekaa akisikiliza, na baadaye vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda maabara yake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watoto waliotoa vipande vile hawakuwa na mkataba, wala Mulago haikuwa nao. Ulikuwa wakati wake. Leo sampuli ikitoka Tanzania inapaswa kuwa na mkataba wa uhamisho wenye kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na swali ninaloulizwa kila mara na wenzetu wa hospitalini ni: tuandike nini humo? Wengi wanasaini rasimu iliyotoka Ulaya kama ilivyo, inayosema matokeo yote ni mali ya mpokeaji. Hujawahi kusoma mikataba hiyo? Ukianza kuisoma utakasirika, na hasira hiyo ina kazi.

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama nchi zenye maendeleo duni, haziwajibiki kutoa hataza za dawa hadi Januari 2033 kwa makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Ni nafasi halisi ya kutengeneza na kuagiza dawa kwa bei nafuu, ila inataka mtu anayejua dawa gani ina hataza wapi na inakwisha lini. Katika vyuo vyetu nilivyotembelea, ofisi ya haki miliki ipo na sera ipo ukutani. Aliyekaa humo ni mwanasheria aliyebebeshwa na majukumu mengine, mzuri wa sheria, lakini ukimpa mchoro wa panya hana la kuuliza. Pengo ni hilo, na mtu kama wewe ndiye analiziba. Na usidhani bara letu halina mfano: Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010, na kutoka hapo molekuli ya malaria iliyobuniwa Afrika ikafika kwenye majaribio ya binadamu. Ni malaria, si saratani. Lakini kazi ya kuhangaika na hataza, washirika na masharti ni ileile, na wanasayansi waliopita pale wanaijua.

Kuhusu tangazo uliloliona: cheo cha kuongoza hawatakupa sasa, na usikasirike. Wanataka mtu aliyekwisha kufunga mikataba. Waandikie hata hivyo, uulize kama wana nafasi ya ofisa mdogo, maana ofisi inayotafuta mkuu mara nyingi inapungukiwa na chini pia. Wakati unasubiri, nenda ofisi ya namna hiyo hapo chuoni kwako, uombe kushinda nao siku chache. Chukua hataza moja ya dawa unayoijua vizuri, usome madai yake mstari kwa mstari, uone wamedai nini na wameacha nini. Kisha chagua makala moja ya fani yako inayosifiwa, uandike ukurasa mmoja tu: matokeo haya yanashikika wapi, yanavuja wapi, mgonjwa ni nani, na ungefanya jaribio gani moja kabla ya kutumia shilingi. Uambatanishe na barua ya maombi. Mimi ninaposoma maombi, ukurasa huo naufungua kabla ya orodha ya makala.

Wakikuita kwenye usaili, watakuuliza kama una swali. Waulize leseni zao za miaka ya karibuni zina kifungu gani kwa ajili ya nchi kama yetu, na nani huamua kukiondoa mazungumzo yakiwa magumu. Kama hakuna chumbani anayejua, hapo unajua utakuwa unafanya kazi na watu gani, na utaamua mwenyewe.